Jina Lisilodai

Ukimwita binti yako Subira, umeshamwomba kitu kabla yeye hajajua kuomba maziwa. Stara naye ameombwa ajisitiri, Heshima aiweke. Neema na Baraka wametakiwa walete. Haya ni majina mazuri na sina ugomvi na mtu aliyeyatoa, lakini ukiyapanga pamoja utaona kwamba mengi yao ni madai, na kwamba wasichana hudaiwa vitu vya aina fulani. Mvulana anaweza kuitwa Asadi au Haidari, yote mawili simba kwa Kiarabu, na asiulizwe tena. Sijawahi kukutana na mvulana anayeitwa Stara.

Kuna kundi la pili, la majina ambayo ni shajara ya mzazi. Tabu. Shida. Mashaka. Sikujua. Sikudhani. Mama alipitia jambo mwaka ule, akaliandika mahali pekee palipokuwa karibu, juu ya mtoto. Miaka hamsini baadaye mwanamke mzima mwenye biashara yake na wajukuu wake anaitwa sokoni kwa jina la ugomvi wa watu waliokwisha kufa.

Kisha kuna Mwajuma, Mwanahamisi na Mwanaidi. Majina haya hayasemi mtoto awe nani, wala hayasemi wazazi waliteseka vipi. Yanasema tu kwamba alifika, kwamba kulikuwa na watu pale, na kwamba ilikuwa Ijumaa, au Alhamisi, au Sikukuu ya Idi. Kwa muda mrefu niliyaona kama watu wengi wa rika langu wanavyoyaona, majina ya watu waliochoka kufikiri. Siku hizi naona kuna hoja ndani yake, tena hoja ya kimaadili: je, tuna haki gani ya kumwanzishia mtu maisha kwa kumtaka kitu?

Tuanze na jina lenyewe, maana lina mengi kuliko linavyoonekana. Wiki yetu ya Kiswahili ni kitu cha ajabu kidogo. Jumamosi ni siku ya kwanza, Jumapili ya pili, tunahesabu hivyo mpaka Jumatano, siku ya tano. Halafu inaingia Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni “ya tano”, kwa kuwa wenyewe wanaanza kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo tuna siku mbili za tano zinazofuatana na hatuna ya sita kabisa. Tunaishi hivyo na hakuna anayelalamika. Baada yake ni Ijumaa, siku ya kukusanyika, na kutoka hapo tunaanza upya. Siku mbili zilizobaki na majina ya Kiarabu ndizo pia zilizozaa majina ya watu mwambao mzima: Hamisi na Juma kwa wanaume, Mwanahamisi na Mwanajuma kwa wanawake. Bara utamkuta mzee Jumanne au Jumapili, lakini hao karibu wote ni wanaume. (Mosi, Pili na Tatu ni jambo jingine. Hao wamehesabiwa kwa mpangilio wa kuzaliwa, ingawa nimeshasikia mtu akimwuliza Pili kama alizaliwa Jumapili.)

Sasa tazama hilo “Mwana” la mwanzoni. Ukilisoma haraka utasema Mwanajuma ni mtoto wa Ijumaa, na utakuwa sahihi. Lakini mwambao neno mwana lilikuwa pia neno la heshima kwa mwanamke, kama tunavyolisikia katika jina la Mwana Kupona, mshairi wa karne ya kumi na tisa. Mwana ni bibi, ni mwanamke mwenye hadhi yake. Kwa masikio ya zamani, basi, Mwanajuma angeweza kuwa Bibi Ijumaa. Ukilikata likawa Mwajuma, kama tunavyofanya leo, heshima hiyo inamezwa na silabi moja, na huenda ndiyo sababu hatuisikii tena.

Tunachosikia ni kitu kingine. Katika vichekesho vyetu, mtunzi akitaka mwanamke mbea wa uswahilini, au msichana wa kazi aliyetoka kijijini jana, jina liko tayari. Hahitaji kumvalisha wala kumpa sauti, akishamwita Mwajuma watazamaji wameshacheka. Mzaha huu una bei. Dada yangu alipokuwa mjamzito, shangazi yetu, ambaye alizaliwa Alhamisi na jina lake linatangaza hivyo, aliuliza swali moja tu kuhusu jina la mtoto.

“Anatarajiwa siku gani?”

“Shangazi, daktari anatoa tarehe, hatoi siku.”

“Basi mngojeni aje. Akija Ijumaa, jina lipo.”

Dada alikuwa na orodha kwenye simu, majina ya kike ya kipekee na maana zake, amekwisha kuweka nyota kwenye kumi na moja. Akacheka, kisha akasema jambo ambalo najua lilikuwa kweli kabisa kwake: “Shangazi, unisamehe, lakini mwanangu ataingia kwenye usaili wa kazi siku moja. Karatasi itasomwa kabla yeye hajafungua mdomo. Siwezi kumpeleka pale anaitwa Mwajuma.”

Shangazi akajibu kwamba yeye la kwake amekwenda nalo mpaka Maka na amerudi nalo.

Siwezi kusema dada alikosea. Ikiwa jamii imeamua kwamba jina fulani ni la watu wa chini, mzazi anayemwepusha mtoto na jina hilo anafanya kazi ya mzazi. Lakini aliyekuwa ananitatiza ni dada yuleyule niliyemwona wiki mbili kabla akitazama vipindi vya Wednesday vya Netflix mfululizo, akisema lile jina ni kali. Wednesday ni Jumatano. Msichana wa familia ya Addams alipata jina lake kutokana na wimbo wa watoto wa Kiingereza unaogawa tabia kwa siku, ambamo mtoto wa siku hiyo amepangiwa huzuni. Jumatano ya Kiingereza, hata ikiwa imebeba huzuni, inapendeza. Ijumaa ya Kiswahili, iliyobeba sala na pilau, inachekesha. Kilichobadilika hapo ni pasipoti tu.

Tukitaka kuona jina la siku linavyoonekana pale ambapo halina cha kujitetea, twende Ghana. Kwa Waakan kila mtoto huzaliwa na jina tayari. Akija Jumapili ni Akosua, Jumatatu Adwoa, Jumanne Abena, Jumatano Akua, Alhamisi Yaa, Ijumaa Afua, Jumamosi Ama, na wavulana wana saba zao. Wanaliita jina hili kradin, na kra ni roho: jina la roho, la ile sehemu ya mtu iliyokuja na siku yake. Siku ya nane mtoto hutolewa nje, na ndipo baba humpa jina jingine, la ukoo, la bibi au babu anayestahili kukumbukwa, jina lenye kumbukumbu na matarajio ndani yake. Utaratibu huo una busara ninayoihusudu. Kwa wiki nzima ya kwanza mtoto anaitwa kwa jina ambalo hakuna mtu aliyelichagua. Baba hana sauti pale, wala mama, wala bibi mwenye ugomvi na mkwe. Matakwa ya watu wazima yanasubiri siku nane mlangoni.

Jina hilo linabaki. Mwanamke aliyeongoza vita dhidi ya Waingereza mwaka 1900, malkia mama wa Ejisu, tunamjua kama Yaa Asantewaa, na hata alipofia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1921 bado alikuwa mtu wa Alhamisi. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba Yaa lilimpunguzia kitu.

Jina la siku lina pia kazi moja ambayo majina ya sifa hayawezi kuifanya: linatunza ushahidi. Mwandishi Ama Ata Aidoo, aliyetupa Anowa na Our Sister Killjoy, ameandikwa katika vitabu vingi kwamba alizaliwa tarehe 23 Machi 1942. Vingine vinasema 23 Machi 1940. Karatasi zimegongana. Lakini Ama ni Jumamosi, na tarehe 23 Machi mwaka 1942 ilikuwa Jumatatu. Mwaka 1940 ilikuwa Jumamosi. Jina, ambalo mtu angeweza kulidharau kwamba halina maana, limekaa kimya miaka yote hiyo na jibu mkononi. Kwame Nkrumah alikuwa na shida hiyohiyo. Padri aliyembatiza aliandika 21 Septemba 1909, ambayo ilikuwa Jumanne, na Kwame ni mtu wa Jumamosi. Nkrumah mwenyewe katika maisha yake aliyoyaandika aliona kwamba Jumamosi iliyokaribia ilikuwa tarehe 18. Kati ya padri mwenye kalamu na wanawake waliokuwa chumbani, aliyekuwa na uhakika wa siku hakuwa padri.

Niliyakumbuka hayo nilipomsindikiza shangazi kujiandikisha kitambulisho. Ofisi siitaji, na kijana aliyetuhudumia alikuwa na adabu.

“Mama, tarehe ya kuzaliwa?”

“Alhamisi, mwanangu. Baada ya adhuhuri.”

“Tarehe, mama.”

“Hiyo hawakuniambia. Waliniambia Alhamisi.”

Kijana akamwangalia, akaniangalia mimi, akaandika 1 Julai 1950. Kama una wazazi wa umri huo unajua tarehe hiyo, nusu ya wazee wa mtaa wamezaliwa siku moja. Tulipotoka nikafungua kalenda kwenye simu. Tarehe 1 Julai 1950 ilikuwa Jumamosi. Kwa hiyo shangazi sasa ana kadi ya plastiki ambamo jina linasema jambo moja na tarehe, sentimita chache chini yake, inasema jingine. Nikamwonyesha. Akasema wao wana yao na yeye ana yake. Kati ya maelezo mawili hayo, lile la kweli ndilo ambalo vichekesho vinalicheka.

Mpaka hapa nimelisifu jina la siku kana kwamba ni karatasi nyeupe. Si kweli, na Waakan wenyewe watakuwa wa kwanza kukwambia. Kwao siku ina tabia. Mtu wa Jumatatu anatarajiwa kuwa mpole na mtulivu, mtu wa Jumatano mkali, mwepesi wa hasira na vurugu. Hata yule buibui mjanja wa hadithi zao ni Kwaku Ananse, yaani mzaliwa wa Jumatano. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gustav Jahoda alichapisha uchunguzi mfupi kutoka Kumasi. Alikuwa amechukua rekodi za mahakama ya watoto na kuyapanga majina ya wavulana. Akina Kwadwo, wa Jumatatu, walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Akina Kwaku, wa Jumatano, walizidi katika makosa ya kuwashambulia watu. Kuna njia zaidi ya moja ya kuyasoma matokeo hayo. Pengine mtoto anayeambiwa tangu utotoni kwamba watu wa siku yake ni wakorofi huishia kukubali. Pengine polisi na majirani ndio waliokuwa wepesi kumshika Kwaku na kumwachia Kwadwo kwa kosa lilelile. Kwa vyovyote siku imemdai mtoto, na imemdai bila hata kumpenda. Wasichana hawakuhesabiwa, kwa hiyo Akua kaachwa nje ya jedwali, ingawa naamini alisikia maneno yaleyale akiwa jikoni.

Hoja hii inanipunguzia ujasiri kidogo lakini hainiondoi pale nilipo. Dai la siku linakuja kutoka nje ya jina, kutoka kwenye hadithi watu wanazosimulia kuihusu Jumatano. Hadithi inaweza kuachwa. Kwa Subira dai limo ndani ya neno lenyewe. Huwezi kumwita bila kumkumbusha.

Hoja nzito zaidi inatoka mahali pengine. Mwaka 1719 Daniel Defoe alichapisha kisa cha Robinson Crusoe, mzungu aliyekwama kisiwani miaka mingi, na wengi wetu tulikisoma shuleni kama hadithi ya ujasiri. Crusoe anamwokoa kijana kutoka kwa watu waliotaka kumla, na anamwita Friday, Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku aliyomwokoa. Kijana yule alikuwa mtu mzima mwenye baba, mwenye lugha, na bila shaka mwenye jina. Crusoe haulizi. Kisha anamfundisha neno la pili, “Bwana”, na kumweleza kwamba hilo ndilo jina la Crusoe mwenyewe. Na kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: Crusoe alihesabu siku kwa kuchonga alama kwenye gogo, na baadaye akagundua kwamba hesabu yake ilikuwa imepotea kwa siku moja au mbili. Huenda basi haikuwa Ijumaa hata kidogo. Mtu mzima alibeba maisha yake yote kosa la hesabu la mtu mwingine, na kitabu hakisiti hapo hata sentensi moja.

Hilo ni tungo, lakini nje ya kitabu mambo yalikuwa hivyohivyo. Waakan waliouzwa Jamaika walikwenda na siku zao, na siku hizo zikaingia kwenye madaftari ya mashamba ya miwa. Edward Long, katika historia yake ya Jamaika ya mwaka 1774, aliziorodhesha: Quasheba wa Jumapili, Juba wa Jumatatu, Beneba wa Jumanne, na kuendelea mpaka Mimba wa Jumamosi. Msomaji wa Kiswahili atastuka hapo mwisho. Ni Ama tu, amepita katika masikio ya Waingereza. Ya wanaume nayo yaliharibika hivyo, na Quashie, ambalo lilikuwa Kwasi, jina la roho ya mtu wa Jumapili, likageuka tusi la Jamaika kumaanisha mjinga wa shamba. Sisi na Mwajuma wetu hatukuvumbua kitu.

Mmoja wa wanawake hao ana jina la Phibbah, yaani Afua, wa Ijumaa. Tunamjua kwa sababu msimamizi wa mashamba aliyeitwa Thomas Thistlewood, aliyefika Jamaika mwaka 1750, aliandika shajara karibu kila siku mpaka alipokufa 1786, maelfu ya kurasa, na Phibbah, mtumwa aliyeishi naye kama mke kwa zaidi ya miaka thelathini na kumzalia mtoto, yumo katika mengi ya maandishi hayo. Yeye mwenyewe hakutuachia hata mstari. Thistlewood ni mwandishi wa mambo ya kutisha aliyoyatenda kwa mkono wake, nami sitayarudia. Ninachofikiria ni lile jina. Huenda katika kurasa zote zile hicho ndicho kitu pekee ambacho hakikutoka kwake. Mtu mwingine, kabla yake, huenda mama, alihesabu siku na kusema: Ijumaa.

Na hapa kwetu? Juma na Hamisi yalikuwa miongoni mwa majina ambayo mabwana wa mwambao waliwapa watumwa, pamoja na Mabruki, Feruzi na Baraka, majina ya kheri na vito kwa watu waliohesabiwa kama mali. Yalibebwa pia na waungwana, kwa hiyo jina peke yake halithibitishi kitu juu ya ukoo wa mtu, lakini watu walikumbuka. Amri ya kukomesha utumwa Unguja ilitolewa mwaka 1897, na watu waliotoka utumwani, hasa wanawake, waliyaacha majina ya zamani na kuchukua majina yao wenyewe. Mfano tunaoujua wote si wa siku, ila unaeleza jambo lilelile. Msichana aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880 aliitwa Mtumwa binti Saad. Mjini, sauti yake ilipoanza kusikika, akaitwa Siti, na Shaaban Robert alipoandika wasifu wake aliuandika kwa jina hilo. Siti ni bibi, mwanamke wa heshima. Ni neno lile tulilolikuta ndani ya Mwanajuma, kwa mlango wa Kiarabu.

Kwa hiyo kuna mtu ambaye akisikia Mwajuma au Mwanahamisi moyo wake unakwenda kwenye daftari la bwana, na siwezi kumwambia amekosea. Nimejiuliza sana tofauti iko wapi, maana siku ni ileile na herufi ni zilezile. Jibu langu liko katika kinachofuata baada ya jina. Afua wa Kumasi ana wiki moja ya kuwa Ijumaa tu, halafu siku ya nane anapewa ukoo. Shangazi yangu ni mtu wa Alhamisi, kisha ni binti wa fulani bin fulani, na ukimwacha ataendelea mpaka Kilwa. Phibbah katika daftari anaishia hapo. Friday anaishia hapo. Hakuna “binti”, hakuna aliyengoja siku ya nane. Mama alitaja siku kwa sababu alikuwepo akimtazama mtoto saa ile. Bwana alitaja siku kwa sababu hakutaka kujua zaidi. Aliyetaja kwa uvivu na aliyetaja kwa ushuhuda wametamka neno moja, na kwa kulisikia tu huwezi kuwatofautisha. Inabidi umjue aliyeita.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani tatizo litatatuliwa kwa kutafuta jina lenye “maana kubwa” zaidi. Orodha za majina tunazozisoma usiku zimetufundisha kuuliza jina linamaanisha nini, kana kwamba mtoto ni nembo inayotafuta kaulimbiu. Malkia, mshindi, wa thamani, anayeng'aa. Fikiria kung'aa kila siku ukiwa na miaka kumi na minne, chunusi usoni, na umefeli hisabati. Waluo wana Akinyi wa asubuhi, Achieng wa jua kali, Adhiambo wa jioni na Atieno wa usiku, na Grace Ogot aliyekuwa Akinyi alikuwa na uhuru wa kuwa mwandishi, muuguzi na mbunge bila hata moja kati ya hayo kuwa utimilifu wa jina wala usaliti wake. Asubuhi haimzuii mtu. Wahausa nao wanazo zote saba kwa wanawake, Ladi, Tani, Talatu, Laraba, Lami, Jummai na Asabe, zote zimetoka kwenye siku za Kiarabu kama Alhamisi yetu. Kwa Wagiriki kuna Kyriaki, ambaye ni Jumapili, na Paraskevi, ambaye ni Ijumaa, mtakatifu mwenye makanisa yake. Ukimkuta Paraskevi akipigiwa kengele ujue ni Mwajuma.

Mtoto wa dada alizaliwa Jumanne, alfajiri.

Hapo tulikwama, hata upande wa shangazi. Angekuwa Mghana angekuwa Abena, angekuwa Mhausa angekuwa Talatu, na sisi tuna Jumanne, lakini huyo ni mzee mwenye baiskeli. Mwambao haukumwekea msichana wa Jumanne kitu. Dada akachagua kutoka kwenye zile nyota kumi na moja, jina zuri lenye maana ya mwanga, na cheti kikatoka nalo. Shangazi alikuja siku ya arobaini, akamchukua mtoto, akamtazama muda, akamwita Mwanajumanne. Dada akasema hakuna jina kama hilo. Shangazi akasema sasa lipo. Analitumia mpaka leo, na mtoto anageuza kichwa kwa yote mawili, ingawa kwa la shangazi hucheka zaidi, pengine kwa sababu ya urefu wake.

Cheti cha kuzaliwa kina nafasi ya tarehe, mahali, jinsi, jina la baba na jina la mama. Nafasi ya siku haipo. Nakala moja imebaki kwangu, na nyuma yake nimeandika kwa kalamu: Jumanne, kabla ya jua kutoka, tulikuwa wanne.